Julius Klengel: miaka hamsini katika orkestra moja

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 13 na huu ni mwaka wake wa nne kujifunza selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Mwalimu wake amempa kipande kinachoitwa Konsertino, Opus 7 (yaani kazi namba 7), cha Mjerumani Julius Klengel, pamoja na mazoezi ya vidole ya mtu huyohuyo. Nilimtafuta nikaona kwamba alikaa miaka 50 katika orkestra moja, mji mmoja, basi. Je, alikuwa mtu aliyeshindwa kuwa nyota? Nauliza kwa sababu binti anasema anataka kuwa mpiga selo wa orkestra, na mimi kama mzazi sijui hayo ni maisha ya namna gani.

Jibu: Marahaba, mama, na mpe binti salamu zangu.

Nianze na lile linalokusumbua. Hakushindwa. Klengel alizunguka Ulaya akipiga selo mbele ya orkestra kubwa, jina lake likiwa juu ya tangazo, na kila safari ilipoisha alirudi Leipzig akaketi kwenye kiti chake. Alifanya hivyo tangu ujanani hadi uzeeni. Mtu anayerudi mahali pamoja kwa nusu karne hajazuiliwa hapo, amepachagua. Ukitaka kumwelewa, inabidi kwanza uelewe hapo mahali.

Orkestra ya Leipzig haikuzaliwa ikulu. Ujerumani ya zamani ilikuwa na orkestra nyingi za wafalme na watawala wadogo, ambako mpiga fidla alihesabiwa pamoja na watumishi wa jikoni. Leipzig ulikuwa mji wa biashara, na mwaka 1743 wenyeji 16 wenye uwezo walitoa fedha zao kuwalipa wanamuziki 16. Mwaka 1781 maonyesho yakahamia katika jengo la wauza vitambaa, na ndiyo maana hadi leo orkestra hiyo inaitwa Gewandhaus, yaani nyumba ya vitambaa. Mwaka 1835 mtunzi Felix Mendelssohn alikuja kuiongoza, na 1843 akaanzisha chuo cha muziki mjini hapo. Wapiga orkestra wakawa ndio walimu wa chuo, na wanafunzi wa chuo wakawa ndio wapiga orkestra wa kesho yake. Shikilia jambo hilo, maana maisha yote ya Klengel yalipita kati ya milango hiyo miwili.

Alizaliwa Leipzig tarehe 24 Septemba 1859. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyependa muziki, na nyumba ilijaa vyombo. Kaka yake Paul, aliyemtangulia kwa miaka mitano, alikua mpiga piano, mpiga fidla na mwongozaji. Mpangilio wa selo wa sonata ya kwanza ya fidla ya mtunzi Johannes Brahms ni kazi ya mikono yake. Julius alipelekwa kwa Emil Hegar, Mswisi aliyekuwa mpiga selo wa kwanza wa Gewandhaus. Hegar alipata maradhi ya mkono, akalazimika kuacha selo kabisa na kugeukia uimbaji. Sijui mpiga selo anayeweza kusoma habari hiyo bila kutazama mkono wake wa kushoto. Mimi huwaza kwamba mvulana aliyemwona mwalimu wake akipoteza mkono lazima alijifunza mapema kutoulazimisha wake. Hayo ni maoni yangu, lakini yafungue mazoezi ya Klengel uone: yanaujenga mkono taratibu, kidole kwa kidole, uzi kwa uzi, wala hayaruki hatua.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 15, aliingia katika orkestra. Umri huo si mbali na wa binti yako. Mpiga selo mgeni huketi nyuma ya safu. Kutoka nyuma hasikii sauti yake peke yake; anasikia safu nzima, na kazi yake ni kuyeyuka ndani yake. Akitokeza hata kidogo ameharibu. Akichelewa kwa unyoya, safu inaburuzika. Watu hudhani kiti cha nyuma ni chepesi kwa kuwa hakionekani, nami nakwambia kwa uzoefu kwamba ni kigumu kuliko kinavyodhaniwa, kwa sababu walio mbele wako mbali, na ukisubiri kuwasikia ndipo upige, umeshachelewa. Unafuata pinde zao kwa macho, unapumua nao.

Na ni muziki gani uliokuwa ukipita hapo! Tarehe 1 Januari 1879 konserto ya fidla ya Brahms, yaani kipande cha fidla moja mbele ya orkestra, ilisikika duniani kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Gewandhaus, Joseph Joachim akiwa kwenye fidla na Brahms mwenyewe akiongoza. Klengel alikuwa na miaka 19 na alikuwa tayari na miaka zaidi ya minne katika orkestra hiyo. Kipande ambacho leo kila mpiga fidla anakisoma kama urithi, kwa wapiga orkestra wale kilikuwa karatasi mpya zilizowekwa mezani.

Mwaka 1881 akapewa kiti cha mpiga selo wa kwanza. Naomba unielewe vizuri hapa, kwa sababu wengi hudhani wa kwanza ni yule anayepiga kwa sauti kubwa zaidi. Sivyo. Mpiga selo wa kwanza anaamua upinde uende upande gani, kushuka au kupanda, katika kila kipimo cha kila kipande, na uamuzi wake hupitishwa nyuma meza kwa meza, ukiandikwa kwa penseli juu ya nota. Ndiyo maana ukitazama orkestra unaona pinde zote za safu moja zikienda pamoja kama makasia ya jahazi. Anamsikiliza mwongozaji na kutafsiri mkono wake kwa walio nyuma. Anaafikiana kwa jicho na mpiga fidla wa kwanza. Halafu, ghafla, mtunzi anapotaka selo moja peke yake, watu wote mia wananyamaza na yeye anaimba. Katika konserto ya pili ya piano ya Brahms, sehemu ya tatu inafunguliwa na selo moja, huku mpiga piano aliyelipwa kuwa mgeni wa heshima akiwa amekaa akisikiliza. Kisha selo inarudi ndani ya safu. Hakuna anayesimama kupigiwa makofi katikati.

Desemba 1884 ni mwezi ninaoupenda katika habari zake. Tarehe 11 Leipzig ulifungua ukumbi mpya wa Gewandhaus, mkubwa na wa fahari. Tarehe 30, katika jumba la opera la mji, orkestra hiyohiyo ilipiga kwa mara ya kwanza simfoni ya saba ya Anton Bruckner, chini ya mwongozaji kijana aliyeitwa Arthur Nikisch. Bruckner alikuwa na miaka 60 na alikuwa bado anadharauliwa na wengi. Simfoni hiyo inaanza na fidla zinazotetemeka kwa mbali sana, karibu hazisikiki, na chini yake selo zinaanza kupanda: wimbo mrefu unaotoka sauti ya chini, unapanda oktava mbili, hausiti. Pembe inazisaidia mwanzoni kisha inaziacha. Bruckner aliweka mlango wa kazi yake kubwa mikononi mwa safu ya selo, na safu hiyo wakati huo ilikuwa ya Klengel. Alikuwa na miaka 25. Ukipata nafasi, msikilizishe binti dakika mbili za kwanza tu, na umwambie asitafute mpiga yeyote mmoja ndani yake. Atakuwa amesikia kile anachosema anakitaka.

Maisha ya kila wiki yalikuwa hivi, na kwa kiasi kikubwa ndivyo yalivyo hadi leo Leipzig: orkestra moja ina nyumba tatu. Kuna ukumbi wa maonyesho. Kuna opera, ambako wapiga wanakaa shimoni chini ya jukwaa, hawaonekani, wakiwafuata waimbaji saa tatu au nne. Na kuna kanisa la Mtakatifu Thomas, alikofanya kazi Johann Sebastian Bach tangu 1723 hadi kufa kwake 1750, ambako wapiga orkestra hushirikiana na kwaya ya wavulana katika kantata zake, yaani nyimbo zake za ibada. Juu ya hayo Klengel alipiga katika kwarteti ya Gewandhaus, kundi la wapiga wanne, iliyoanza mwaka 1808, na alifundisha chuoni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Leipzig ulimtunza kweli, lakini ona jinsi alivyocheza: Jumanne opera, Alhamisi simfoni, Jumamosi Bach, na kati yake wanafunzi mlangoni.

Hao wanafunzi ndio jibu langu kubwa kwa swali lako.

Guilhermina Suggia alikuja kutoka Porto, Ureno, mwaka 1901 kwa msaada wa fedha za malkia wa nchi yake. Wakati huo wengi waliona si adabu mwanamke kupiga selo, kwa jinsi inavyoshikwa kati ya magoti. Klengel alimfundisha, na akiwa bado kijana sana alipiga mbele ya orkestra ya Gewandhaus chini ya Nikisch. Picha yake ya rangi, amevaa gauni jekundu na selo mkononi, iliyochorwa na Augustus John, ni mali ya makumbusho ya Tate, London. Emanuel Feuermann alifika 1917, mtoto kutoka Galicia, jimbo la Ulaya ya mashariki. Alipokuwa na miaka 16 tu, chuo cha Köln kilihitaji mwalimu wa selo, na Klengel akampendekeza yeye. Hebu fikiria: mzee mwenye jina anaweka heshima yake yote juu ya mvulana wa miaka 16, na mvulana anaipata kazi. Gregor Piatigorsky alitoroka Urusi ya Kisovieti mwaka 1921, akafika Leipzig, na 1924 mwongozaji Wilhelm Furtwängler akampa kiti cha kwanza cha selo katika Berliner Philharmoniker, orkestra kubwa ya Berlin. William Pleeth alitoka London akiwa na miaka 13, umri wa binti yako kabisa. Baadaye Pleeth huyu, akiwa mwalimu mjini London, ndiye aliyemlea Jacqueline du Pré, mpiga selo mashuhuri wa Uingereza.

Wasikilize watu hao wanne kwenye rekodi. Hawafanani. Feuermann ni msafi kama maji ya kisima, hakuna kinachomshinda. Piatigorsky anasimulia, sauti yake ina nyama. Suggia ana moto. Mwalimu anayezalisha nakala zake ni rahisi kumpata. Nimekutana nao wengi, na mwanafunzi wao unamtambua kwa dakika moja. Kwa Klengel hali ilikuwa tofauti. Wanafunzi wake walimkumbuka kama mtu wa maneno machache mno. Alimwacha mwanafunzi apige kipande hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema neno moja au mawili kuhusu mkono au upinde. Wanafunzi walipigiana wao kwa wao, kila mmoja akimsikia mwenzake, na wakajua wenyewe nani kafika wapi. Maelezo marefu aliyaacha kwenye karatasi, katika yale mazoezi ambayo binti yako anayapiga. Ndiyo mgawanyo wake wa kazi: vidole vifundishwe na daftari, na mtu aachwe awe mtu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa mazoezi hayohayo na nikayachukulia kama adhabu, kwa sababu mwalimu wangu wa wakati ule alinipa bila kuniambia neno juu ya aliyeyaandika. Ndiyo maana nimefurahi mno umeuliza.

Klengel alitunga mengi, karibu yote kwa ajili ya selo: konserto, vipande vya watu wawili, watatu na wanne, na vya wanafunzi kama hiyo Konsertino. Sitadanganya kwamba ni mtunzi wa daraja la Brahms. Aliandika muziki unaoujua mkono wa mpiga selo, na hilo lina thamani yake. Watunzi wakubwa walimheshimu: Max Reger, aliyekuwa akifundisha Leipzig, alipotunga suite tatu (kila moja ni mfuatano wa vipande vifupi) za selo pekee mwaka 1915, ya kwanza aliiandika kwa jina la Klengel.

Lakini kuna kipande kimoja kilichompita mwandishi wake. Mwaka 1920 Nikisch, ambaye sasa alikuwa ameiongoza Gewandhaus kwa miaka 25, alitimiza miaka 65. Klengel akamtungia Hymnus, Opus 57, kwa selo 12. Ni dakika sita hivi za muziki wa taratibu sana, kama kwaya ya kanisa isiyo na maneno, kila selo na sauti yake. Hakuna fidla wala piano. Watu waliokuwa wakiongozwa na Nikisch kila wiki walimgeukia na kumwimbia kwa chombo chao. Miaka 52 baadaye, mwaka 1972, wapiga selo 12 wa Berliner Philharmoniker walikusanyika kukirekodi kipande hicho kwa ajili ya redio, wakakipenda kupiga pamoja kiasi kwamba hawakuachana. Likawa kundi linalozunguka dunia, na watunzi wa nchi nyingi wameliandikia kazi mpya.

Mwaka 1924, baada ya miaka 50 kamili, Klengel aliondoka kwenye orkestra. Furtwängler, aliyekuwa ameshika nafasi ya Nikisch, aliongoza onyesho la kumuenzi. Kufundisha hakuacha.

Mwisho wake uliangukia mwaka mbaya. Januari 1933 Hitler alishika madaraka. Machi, Bruno Walter, aliyekuwa mwongozaji wa Gewandhaus, alizuiwa kupanda jukwaani kwa kuwa ni Myahudi. Feuermann alifukuzwa kazi ya kufundisha Berlin kwa sababu hiyohiyo. Klengel alifariki Leipzig tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo. Feuermann, Piatigorsky, Pleeth, wote walikuwa Wayahudi. Matunda bora ya chumba chake cha kufundishia yalikuwa yametangazwa kuwa si watu katika nchi iliyoyalea. Miaka mitatu baadaye hata sanamu ya Mendelssohn, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, iliyosimama mbele ya ukumbi iliondolewa, na baadaye ukumbi wenyewe ukaharibiwa kwa mabomu ya vita. Kilichobaki kwa Klengel kilikuwa kimeshavuka mipaka ndani ya mikono ya watu: London, New York, Los Angeles.

Sasa nije kwa binti. Kazi ya orkestra Ujerumani leo bado ni kazi ya kudumu, yenye mshahara wa kila mwezi na pensheni, na zipo orkestra zaidi ya 100 zinazogharimiwa na fedha za umma. Gewandhaus peke yake ina wanamuziki wapatao 185, kwa sababu ya zile nyumba tatu. Mlango wake ni mwembamba. Nafasi moja ikitangazwa wanakuja wengi, na mara nyingi duru ya kwanza hupigwa nyuma ya pazia, wasikilizaji wasijue aliyeko mbele yao ni mwanamume au mwanamke, wa nchi gani. Kwa selo karibu kila mahali huombwa konserto ya Haydn ya D kubwa, kisha konserto moja ya karne ya 19, kama ya Schumann au Dvořák, halafu vifungu vya selo kutoka simfoni na opera. Wanaopiga kura ni wapiga orkestra wenyewe. Ukichaguliwa unapewa muda wa majaribio, kwa kawaida mwaka, na mwisho wake wanapiga kura tena.

Wengi wanaanguka mara nyingi kabla ya kupata, na wengine hawapati kabisa. Hilo ujue tangu sasa. Mgongo na mabega hulalamika, usiku wako ni wa kazi wakati wenzako wamepumzika, na mshahara ni wa maisha mazuri, si wa utajiri. Mimi singemzuia mtoto wangu. Ningemwangalia jambo moja tu: je, anafurahi akiwa ndani ya sauti za wengine, au anafurahi tu anapopiga peke yake wengine wakisikiliza? Wote wawili wanaweza kuwa wanamuziki wazuri. Wa kwanza ndiye mpiga orkestra, na miaka 13 si mapema mno kuliona.

Kwa hiyo asipige Konsertino chumbani pekee. Atafutiwe mpiga piano, hata wa kanisani, amsindikize. Mazoezi ya vidole ayapige taratibu, asubuhi kabla mkono haujachoka, na akisikia maumivu aache siku hiyo, kumbukeni Hegar. Na akishakomaa mwaka au miwili zaidi, mwombe mwalimu wake wafungue Suite ya selo mbili, Opus 22, ya huyohuyo Klengel. Mwalimu aanze na sauti ya kwanza, binti ashike ya chini. Wiki inayofuata wabadilishane viti.